Nasoma Laozi, mke wangu anasema nimekuwa mvivu

SWALI

Shangazi, shikamoo. Natumaini u mzima.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Tanga. Nina mke na watoto wawili. Siku hizi nyumbani kwangu kuna maneno, na maneno yote yanaishia kwenye kitabu.

Kabla sijaoa nilipata ufadhili nikaenda kusoma Changsha, mkoa wa Hunan, huko China. Wenzangu wakanipeleka makumbusho ya mkoa kuona maiti ya mke wa mkubwa mmoja aliyezikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na mpaka leo mwili wake haujaoza. Watu walijazana pale kwenye maiti. Mimi nikavutwa na vipande vya hariri vyenye maandishi, vilivyofukuliwa mwaka 1973 kwenye kaburi la jirani yake, linalosadikiwa kuwa la mwanawe, lililofungwa mwaka 168 K.K. Kati ya hariri hizo mna nakala mbili za Daodejing, kitabu cha hekima kuhusu Dao, yaani Njia, kinachohesabiwa kuwa cha mzee Laozi wa China ya kale, nazo zinaanza na ile nusu ambayo kwenye vitabu vya leo iko mwisho. Jioni yake nikanunua tafsiri ya Kiingereza. Sura 81, nyingine hazijazi hata nusu ukurasa. Baadaye nikapata na Zhuangzi, kitabu chenye jina la mwanafikra mwingine wa kale wa Njia hiyohiyo. Tangu hapo sijaachana navyo.

Vitabu hivi vimenisaidia kweli. Zamani, nikikaa kwenye hadubini, foleni ya wagonjwa imefika kwenye ngazi na manesi wanagonga dirisha wakidai majibu, nilikuwa nasoma slaidi roho juu. Siku hizi nahesabu vimelea vya malaria dhidi ya chembe nyeupe 200 kama inavyotakiwa, simsikilizi anayegonga, na majibu hayachelewi. Nakumbuka sura ya 11: spoki thelathini zinakutana kwenye kitovu kimoja, lakini gari linakwenda kwa sababu ya ule uwazi wa katikati. Nakumbuka ya 8, kwamba wema ulio juu ni kama maji, yanafaa kila kitu na hayagombanii nafasi. Nikisoma hivyo natulia.

Ubishi ulianza mwaka jana alipofariki baba. Mama alikuwa kwenye eda, analia kila jioni. Nikadhani nitamfariji nikimsimulia Zhuangzi, aliyefiwa na mkewe, rafiki yake akamkuta amekaa chini anapiga beseni na kuimba, kwa kuwa kifo ni badiliko tu, mfano wa majira. Mama alinitazama, akajifunika kanga usoni. Toka siku ile akinipigia simu ananijulia hali tu, kisha anaomba aongee na mke wangu.

Nyumba ya marehemu baba ina vyumba vya kupangisha. Mdogo wangu ndiye aliyeteuliwa msimamizi wa mirathi. Anakusanya kodi, hesabu hatujaiona, na sasa amemwaga lori la kokoto mbele ya nyumba, anataka kujenga fremu za maduka pale kwenye baraza anapokaa mama. Amesema mama atahamia chumba cha uani. Dada yetu wa Dar ananiambia mimi ndiye mkubwa, niseme neno. Sijasema. Sura ya 64 imenikaa kichwani: atendaye huharibu, ashikaye hupoteza. Mke wangu ndiye aliyempigia shemeji yake simu, na kikao cha ukoo alikwenda yeye, kwa sababu mimi nilikuwa zamu na sikuomba ruhusa. Dawa za kisukari za mama pia ndiye anayempelekea.

La mwisho ni kazini. Wanataka niwe mkuu wa maabara. Nimewaambia watafute mwingine, wamenipa hadi mwisho wa mwezi nifikiri upya. Mimi napenda hadubini, sipendi vikao na kugombania bajeti ya vitendanishi. Mke wangu akanijibu, "Hicho kitabu chako kimekupa ruhusa ya kukaa." Ada za shule anachangia yeye kutoka kwenye biashara yake ya vitenge. Baba mkwe, ambaye ni maalim, anasema ninasoma mizimu ya Wachina na nitapotea.

Shangazi, naifuata hiyo Njia au naogopa tu? Nimeshindwa kujijua.

Jina nalihifadhi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba wa baba.

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa na kalamu, nikapiga mstari kila mahali mkeo anapotajwa. Anapeleka dawa. Anapiga simu. Anakaa kikaoni na wazee wa ukoo usio wake. Anachangia ada. Kisha nikapiga mstari unapojitaja wewe, ukiacha zile habari za maabara: umekaa, umekumbuka sura, hujasema. Kutotenda kwako kuna mtu anakubebea mwanangu, na mtu huyo hakusoma kitabu hata kimoja kati ya hivyo. Laozi angekuwa baba mkwe wako angekuita barazani kabla ya maalim.

Sikwambii uviache. Na mimi ninavyo kabatini, na Zhuangzi ndiye mtu wa kale anayenichekesha kuliko wote. Tatizo langu na wewe ni kwamba unachuma mstari mmoja, majani yake unayaacha mtini.

Tuanze na hiyo sura ya 64 iliyokukaa kichwani. "Atendaye huharibu, ashikaye hupoteza" umeinukuu sawasawa. Ila hayo ni maneno ya nusu ya pili. Panda juu kidogo, sura hiyohiyo. Kilichotulia ni rahisi kukishika. Kilicho laini ni rahisi kukivunja, kilicho kidogo ni rahisi kukitawanya. Lishughulikie jambo kabla halijatokea, weka utaratibu kabla ya vurugu. Mti wa kukumbatia kwa mikono miwili ulianza na chipukizi, mnara wa ghorofa tisa ulianza na fungu la udongo. Ule mstari maarufu wa safari ndefu inayoanzia chini ya unyayo uko hapohapo. Na sura iliyotangulia, ya 63, inasema vivyo hivyo: gumu lianze lingali rahisi, kubwa lianze lingali dogo.

Najua utanijibu, maana wewe ni msomi. Utasema kwenye vibanzi vya mianzi vyenye sehemu za kitabu hikihiki, vilivyopatikana Guodian, mkoa wa Hubei, mwaka 1993, vikongwe kuliko hariri zako za Changsha, nusu hizo mbili hazikuandikwa pamoja, ziko mbalimbali. Ni kweli. Basi yupo mtu aliyeziunganisha baadaye, na mimi namwona alikuwa na akili. Aliona atakaposimama msomaji wa aina yako. Anayelishika jambo likiwa changa hana haja ya kulilazimisha, ndiyo maana haharibu. Anayengoja likue, siku akiinuka itambidi atumie nguvu, aharibu. Nusu ya pili bila ya kwanza ni ruhusa ya kulala, na hapo mkeo amekusoma vizuri kuliko unavyomsoma Laozi.

Lori la kokoto ni fungu la udongo. Msingi bado.

Sasa Zhuangzi. Unamkumbuka mpishi Ding, sura ya tatu, anayemchinjia bwana Wenhui ng'ombe? Ajabu huwa tunakumbuka wepesi wake tu: kisu kinaimba, mguu, bega na goti vinakwenda kama ngoma, miaka 19 na ng'ombe maelfu, na makali bado kama yametoka kwenye jiwe la kunolea. Mpishi mzuri anabadili kisu kila mwaka kwa kuwa anakata, wa kawaida kila mwezi kwa kuwa anagonga mifupa. Ding anapitisha chuma kwenye nafasi zilizoko kati ya maungo. Sawa. Lakini mwisho wa hadithi, ng'ombe amekatwa au hajakatwa? Amekatwa, nyama iko chini. Ding hakusimama mlangoni na kisu mkononi akisema atendaye huharibu.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi wanairuka. Ding anasema kila anapofika penye fundo, mahali maungo yalipokutana na kujisokota, anauona ugumu wake, anaingiwa na tahadhari, macho anayakaza, mkono anaupunguza mwendo, kisu anakisogeza kidogo kabisa. Mara, pande zima linaachia na kuanguka kama bonge la udongo. Fundo hakulikwepa. Alipunguza mwendo, akaingia.

Hebu sasa rudi kwenye hadubini yako. Foleni imefika kwenye ngazi, dirisha linagongwa, na wewe unahesabu vimelea taratibu mpaka chembe nyeupe 200 zitimie. Huyo ni Ding mwanangu, hujakosea hata kidogo. Slaidi ngumu huiweki pembeni ukasema itajisoma. Kwa hiyo hiyo Njia unayoniuliza unaijua, tena kwa mikono. Ulichofanya ni kuiacha maabara ukavua koti, nyumbani ukaingia na nukuu peke yake.

Fundo la nyumba yenu nafasi zake ziko wapi? Mimi niko mbali, lakini kwa ulivyoandika naona tatu. Ya kwanza, mdogo wako anajua biashara na anataka fremu. Hilo si kosa, huenda fremu zikawafaa wote. Uliza kama haziwezi kukaa upande mwingine wa kiwanja, baraza la mama likabaki. Ya pili, ninyi ni Waislamu, na mjane mwenye watoto fungu lake linajulikana, thumuni, hakuna anayempa kwa hisani. Anza na hilo. Mdogo wako akikumbushwa kwamba mama ni mrithi, maneno ya "atahamia uani" yatakuwa magumu kutamka. Ya tatu, hesabu ya kodi. Usimwite mwizi. Mwambie tuiandike kwenye daftari, kilichoingia na kilichotoka, nakala moja kwa dada yenu Dar. Msimamizi wa mirathi anadaiwa orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo mahakamani, kwa hiyo daftari linamlinda yeye mwenyewe. Akikataa yote, warithi mna haki ya kurudi kwenye mahakama iliyomteua ikamuuliza. Hapo utakuwa unagonga mfupa, kisu kitaliwa. Ndiyo sababu nakuharakisha uende sasa.

La mama limenichoma kuliko yote.

Kisa cha beseni kiko sura ya 18, na rafiki aliyekuja ni Huizi. Anamkemea Zhuangzi: umeishi na huyu mwanamke, amekulelea watoto, amezeeka na wewe, kutolia tu kungetosha, sasa na kuimba juu? Soma anavyojibu. Neno lake la kwanza ni kwamba alipofariki tu, atakosaje kuguswa kama watu wengine? Baada ya hapo ndipo anaanza kutafakari, mpaka nyuma kabisa, kabla mkewe hajawa na umbo wala uhai, na mwisho anaona kulia na kupiga mayowe ni kutoelewa. Kwanza aliumia. Tena huyo aliyeimba ndiye mfiwa mwenyewe. Hakwenda kwenye matanga ya mtu mwingine na beseni lake.

Na Huizi naye alipofariki, Zhuangzi akapita kwenye kaburi lake akawasimulia waliokuwa naye habari ya mtu wa Ying aliyekuwa akijipaka chokaa kwenye ncha ya pua, nyembamba kama bawa la nzi, na seremala Shi akaifyeka kwa shoka bila kumjeruhi. Mtawala mmoja akamwomba seremala airudie mbele yake. Akajibu, niliweza zamani, lakini mwenzangu wa kusimama pale alishakufa. Zhuangzi akasema, tangu alipokufa bwana huyu sina wa kuongea naye. Hiyo ni sura ya 24. Hakuna beseni pale, kuna mtu aliyemkosa rafiki yake na anayasema hayo kaburini. Ungemsimulia mama hii, angalau angejua unamkosa baba.

Usimsimulie sasa, lakini. Nenda ukae naye barazani, umwache yeye aongee. Mwombe akueleze baba alivyompata, au alivyoanza kujenga vile vyumba. Akilia, kaa. Dawa zake za mwezi huu zipeleke wewe.

Ukuu wa maabara, hapo niko upande wako, na mkeo anisamehe. Zhuangzi alikuwa anavua samaki mto Pu mfalme wa Chu alipomtumia wakubwa wawili wamkabidhi mambo ya nchi. Hakugeuza hata shingo. Akawauliza habari ya kobe mtakatifu wa Chu, aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita na anatunzwa kwa mfalme ndani ya sanduku, amefungwa kwa vitambaa. Kobe yule angependa nini, awe mifupa inayoheshimiwa au awe hai anaburuza mkia matopeni? Wakasema awe hai. Basi nendeni, akawaambia, na mimi naburuza mkia wangu matopeni. Zile zilikuwa enzi za madola yanayopigana, mshauri wa mfalme leo anapewa gari la farasi, kesho anakatwa kichwa. Cheo chako hakitakuua, kitakuchosha tu. Hata hivyo swali linabaki, matope yako ni yapi? Wewe umeyataja bila kuulizwa: hadubini. Mtu anayejua matope yake ana haki ya kukataa sanduku.

Lakini kataa kwa mdomo wako, bila kobe. Waambie wakubwa wako kwamba unafaa zaidi kwenye usomaji wa slaidi na kufundisha vijana, na kwamba atakayeteuliwa utamsaidia. Sima Qian, mwanahistoria wa China ya kale aliyeandika kitabu chake yapata mwaka 100 K.K. na mwenyewe hakuwa na hakika Laozi ni nani hasa, anasimulia kwamba mzee alipokuwa anaihama nchi ya Zhou, mlinzi wa lango la mpakani alimwomba amwachie maandishi. Alikuwa ameshakata tamaa na serikali ile, njia iko wazi mbele yake. Akaketi akaandika sehemu mbili, maneno kama elfu tano, ndipo akaenda. Hata kuondoka kulimtaka kwanza afanye kazi.

Kabla hujawajibu hospitali, kaa na mkeo na karatasi. Nyongeza ya mshahara ingekuwa kiasi gani, ada ni kiasi gani, vitenge vinaingiza kiasi gani, na pengo hilo utalizibaje wewe, si yeye. Huenda ukaongeza zamu za usiku. Ukishindwa kuliziba, basi chukua ukuu kwa muda, uongoze kama sura ya 17 inavyotaka: mkuu bora ni yule ambaye kazi ikiisha watu wanasema tumeifanya wenyewe. Kuna maabara zinaendeshwa hivyo.

Baba mkwe usibishane naye. Iko dini ya Kitao, inayochukua jina kwenye hiyo Dao, yenye mahekalu na makuhani, iliyokuja karne nyingi baada ya vitabu hivi na kumpandisha Laozi daraja la uungu. Hiyo hukuingia na hujaandika kwamba unataka. Mwambie maalim kwamba huko China wako Waislamu wa karne nyingi, na mmoja wa wanazuoni wao wakubwa, Liu Zhi wa Nanjing, aliyezaliwa karne ya 17, alisoma vitabu vya Kikonfusio, vya Kibudha na vya Kitao, kisha akauandika Uislamu kwa Kichina watu wa kule wakauelewa. Bila shaka atakuwa na maswali kuhusu huyo Liu Zhi. Mpelekee majibu, mtakuwa na la kuongea zaidi ya mizimu.

Umeniuliza kama unaogopa. Kwa mdogo wako, ndiyo, unamwogopa, au unaogopa utakachojisikia ukishakosana naye. Kwa hospitali huogopi, unajua unachopenda. Umeyaweka yote mawili kwenye kapu moja ndiyo maana hujijui.

Ijumaa hii mpigie simu mdogo wako. Wewe, si mkeo. Mwambie unakuja Jumamosi asubuhi, mzunguke kiwanja pamoja akuonyeshe fremu anataka ziwe wapi, na fundi asianze kuchimba mpaka muwe mmeongea na mama akiwepo. Nenda na daftari jipya.